Shajara ya mradi: hewa ya chumba safi cha kujazia dawa ya macho

Jumatatu, kupokea chumba

Chumba kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na dari iko mita 2.7 kutoka sakafuni. Eneo ni mita za mraba 24, ujazo ni mita za ujazo 64.8. Hesabu zote za mbele zitasimama juu ya namba hizi mbili, kwa hiyo nimezipima kwa mkono badala ya kuzinakili kwenye ramani.

Humu ndimo itakapojazwa dawa ya matone ya macho. Ni dawa isiyovumilia joto, haiwezi kuingizwa kwenye mashine ya mvuke ikishafungwa. Inachujwa, inajazwa, inazibwa, basi. Kijidudu kitakachodondoka katika zile sekunde chache ambazo mdomo wa kichupa uko wazi hakuna kitakachokitoa tena hadi kwenye jicho la mgonjwa. Nimewaomba mafundi wote, wa umeme na wa rangi pia, walijue hilo kabla ya kuanza kazi. Mtu akijua anayemtengenezea, hata silikoni anaipaka kwa utulivu.

Mpangilio uko hivi: korido ya Daraja D, chumba cha kuvalia cha Daraja C ambacho hatua yake ya mwisho inafikia B, kisha chumba chenyewe cha Daraja B, na ndani yake meza ya kujazia iliyo chini ya kofia ya vichujio, Daraja A. Herufi hizi, A ikiwa safi kuliko zote, ni za Kiambatisho cha 1 cha kanuni za utengenezaji bora wa dawa za Umoja wa Ulaya, toleo la 2022 lililoanza kutumika tarehe 25 Agosti 2023.

Ramani ya zamani iliyobandikwa kwenye mashine ya hewa inasema "Daraja 10,000", na kijana wetu wa vipimo akauliza 10,000 ya nini. Ni hesabu ya Marekani, kiwango cha shirikisho namba 209 kilichotoka mwaka 1963: idadi ya chembe zenye ukubwa wa nusu mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) au zaidi ndani ya futi moja ya ujazo ya hewa. Mita ya ujazo ina futi za ujazo zipatazo 35.3, kwa hiyo chembe 10,000 kwa futi ni kama 353,000 kwa mita. Kiwango hicho kilifutwa Novemba 2001, nafasi yake ikashikwa na kiwango cha kimataifa, ISO 14644-1, iliyotoka 1999 na kurekebishwa 2015. Humo madaraja ni 9, na ukishuka daraja moja chembe zinazoruhusiwa zinapungua mara 10. Kwa chembe za nusu mikromita na kuendelea, ISO 8 inaishia 3,520,000 kwa mita ya ujazo, ISO 7 inaishia 352,000, ISO 6 inaishia 35,200 na ISO 5 inaishia 3,520. Kile cha ramani yetu, basi, ndicho ISO 7 ya leo.

Herufi za dawa zinakwenda mbele zaidi kwa sababu zinauliza pia chumba kiko katika hali gani. Daraja A ni 3,520, kuwe na kazi au kusiwe na kazi. Daraja B ni 3,520 chumba kikiwa kimetulia, mitambo imewashwa na watu hawamo, halafu 352,000 kazi ikiendelea. C ni 352,000 kwa utulivu na 3,520,000 kwa kazi. D ni 3,520,000 kwa utulivu, na ya wakati wa kazi unajiwekea mwenyewe kulingana na unachofanya. Kwa hiyo B yetu ni ISO 5 ikiwa tupu na ISO 7 ikiwa na watu. Mtu akikuambia chumba chake ni ISO 7 na akaishia hapo, bila kutaja hali, bado hajakuambia kitu.

Jumanne, hesabu ya hewa

Swali ninaloulizwa kila ninapopita: hewa ya chumba ibadilishwe mara ngapi kwa saa ili tupate daraja hili? Watu wanataka namba moja. ISO 14644-1 haina namba hiyo. Inahesabu chembe tu. Namna ya kuzipunguza ni juu yako. Kiambatisho cha 1 nacho hakina. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2004 unataja kwamba mara 20 kwa saa kwa kawaida hutosha kwa vyumba vya ISO 8, na namba hiyo imesambaa hadi watu wanaidhani ni sheria ya kila mahali.

Sisi tumeanza na mara 40. Mara 40 kwa mita za ujazo 64.8 ni mita za ujazo 2,592 kwa saa, au 43.2 kwa dakika. Mantiki yake ni ya kuyeyusha: watu na vitu vinatoa chembe, hewa safi inaingia, inachanganyika na chafu, inatoka nayo. Hewa ikichanganyika vizuri, idadi ya chembe kwenye mita ya ujazo ni chembe zinazozalishwa kwa dakika zikigawanywa kwa hewa inayoingia kwa dakika. Ukiruhusiwa 352,000 na una mita 43.2, watu na vifaa wanaweza kutoa chembe zipatazo milioni 15 kwa dakika kabla hujavuka mpaka. Ni nafasi kubwa, lakini neno la kuangalia hapo ni "ikichanganyika vizuri". Hesabu nzima imesimama juu ya maneno hayo, na chumba hakijatuahidi.

Kwenye meza ya kujazia mambo ni mengine. Pale hatuyeyushi, tunasukuma. Hewa inashuka kutoka kwenye kichujio ikiwa pamoja, kwa mwendo mmoja na mwelekeo mmoja, na kuuondoa uchafu mbele yake kama mpira wa bomba la sindano unavyosukuma dawa. Mwongozo ni mita 0.36 hadi 0.54 kwa sekunde kwenye kimo cha kazi, yaani 0.45 kwa kuzidi au kupungua asilimia 20.

Mkuu wa uzalishaji aliuliza kwa nini tusifanye dari yote iwe hivyo, tukalala usingizi. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Mita za mraba 24 kwa mita 0.45 kwa sekunde ni mita za ujazo 10.8 kwa sekunde, yaani 38,880 kwa saa. Ni mara 15 ya hewa tuliyopanga, sawa na kubadilisha hewa ya chumba mara 600 kwa saa, yote ipozwe, ikaushwe na kusukumwa kwenye vichujio usiku na mchana. Kofia yetu ya mita 1.2 kwa 0.6 inatumia mita za ujazo 1,166 tu kwa saa, na inalinda pale penye kichupa kilicho wazi. Akakubali kofia.

Wazo lenyewe la kusukuma hewa kwa mwelekeo mmoja linatoka kwa Willis Whitfield, mwanafizikia wa maabara ya Sandia kule Albuquerque, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla yake vyumba vya kuunganishia vipuri vidogo vilisafishwa kwa bidii kubwa na bado vumbi lilibaki likizunguka hewani. Yeye aliacha kulifukuza vumbi kwa kitambaa, akaifanya hewa yenyewe ndiyo msafishaji wa kudumu. Namheshimu sana kwa hilo.

Jumatano, shinikizo

Tofauti ya shinikizo kati ya vyumba vya madaraja yanayopakana isipungue paskali 10. Sisi tumelenga 15. Korido iko 15 juu ya nje, chumba cha kuvalia 30, chumba cha kujazia 45. Hewa inatiririka kutoka kisafi zaidi kwenda kichafu zaidi, milango ikifungwa.

Asubuhi chumba cha kujazia kiligoma kuvuka 36. Tulishuku feni, tukaikuta haina kosa. Nikapiga magoti mlangoni na kijiti cha moshi. Moshi ulifyonzwa chini ya mlango kwa nguvu kiasi kwamba ulilala kabisa sakafuni. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 wenye uwazi wa milimita 3 kuzunguka pande zote, kwa paskali 15, unapitisha mita za ujazo zipatazo 200 kwa saa. Wetu chini ulikuwa wazi zaidi ya hapo kwa sababu ulipachikwa kabla ya vinaili ya sakafu kumalizika. Fundi seremala ameweka mpira wa kushuka wenyewe mlango unapofungwa. Sasa 45, na mshale wa geji hautetemeki.

Ijumaa, vichujio

Siku ndefu na nzuri.

Vichujio vyetu vya darini ni vya kundi H14, yaani havipitishi zaidi ya asilimia 0.005 ya chembe za ukubwa ule unaopenya kwa urahisi kuliko zote. Ukubwa huo kwa kawaida uko kati ya mikromita 0.1 na 0.3, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hushangaa: chembe ndogo kuliko hizo hunaswa vizuri zaidi. Kichujio hiki hakifanyi kazi kama chekeche. Chembe kubwa zina uzito, hewa ikipinda kukwepa unyuzi zenyewe zinashindwa kupinda, zinagonga na kunata. Ndogo kabisa zinarushwarushwa na molekuli za hewa, zinayumba ovyo hadi zinagusa unyuzi. Za katikati si nzito vya kutosha na si nyepesi vya kutosha, ndizo zinazopita. Ukikipima kichujio kwenye udhaifu wake, umekipima kote.

Kichujio kizuri kiwandani kinaweza kuwa kibovu darini. Kinabebwa, kinainamishwa, kidole kinagusa karatasi, fremu inapinda. Kwa hiyo tumepima vyote vikiwa mahali pake. Unapuliza ukungu wa mafuta mepesi upande wa juu, unapitisha kichwa cha kunusia upande wa chini, sentimita chache kutoka usoni mwa kichujio, mstari kwa mstari, mistari ikipandana kidogo. Kwa kichwa chetu chenye upana wa sentimita 3 mwendo ni sentimita 5 kwa sekunde. Ukienda haraka, tundu linakupita. Mpaka ni asilimia 0.01 ya ukungu ulioko juu.

Kichujio cha kona ya kaskazini kilionyesha 0.04. Kijana wa vipimo alitaka kukishusha papo hapo. Nikamwambia arudi polepole kwenye ukingo, asiguse katikati. Ikawa hivyo: karatasi nzima, uvujaji uko kwenye mpira wa kuzibia fremu, upande mmoja tu, mahali ambapo komeo mbili zilikazwa kwa nguvu tofauti. Zikakazwa sawa, kwa zamu, kona kwa kona. Ikashuka hadi 0.002. Kichujio kingetupwa bure, na kipya kingevuja palepale.

Jumatatu, moshi wa kwanza

Hewa ipo mita za ujazo 2,592, shinikizo lipo, vichujio vizima. Kwa karatasi tumemaliza. Leo tumeingiza moshi kuona hewa inakwenda wapi kweli.

Chini ya vichujio vya dari moshi unashuka kwa sentimita 40 hivi, unatanuka, kisha nusu yake inageuka na kupanda tena. Inapanda kwa sababu grili za kurudishia hewa ziko darini pia. Jengo hili zamani lilikuwa la kufungashia, na mkandarasi aliyetutangulia aliziacha pale pale zilipokuwa, ukuta ukiwa mtupu chini. Hewa safi tunayoilipia inatoka darini na kurudi darini. Kona ya nyuma ya meza, upande wa kulia, moshi tuliouachia umekaa. Umekaa tu, unajizungusha polepole kwenye kimo cha kiuno, na taa ikiwashwa unauona vizuri kabisa.

Fundi bati aliniuliza kwa upole, "Mhandisi, hewa ya kutosha ipo, hesabu umeiona mwenyewe. Unatafuta nini tena?" Nilimpa tochi aangalie kona ile. Akakaa kimya, kisha akaanza kupima ukuta kwa mkono.

Jumanne, muda wa kujisafisha

Kabla ya kubomoa kitu nilitaka namba, maana moshi unaonyesha lakini haubishani na mhasibu. Kipimo ni hiki: jaza chumba chembe hadi ziwe mara 100 ya lengo, zima chanzo, subiri zirudi kwenye lengo. Hewa ikichanganyika kikamilifu, muda wa kupunguza mara 100, kwa saa, ni 4.6 ikigawanywa kwa idadi ya mabadilisho kwa saa. Kwa mara 40 inatakiwa iwe dakika 7 kasoro kidogo. Mwongozo wa Kiambatisho cha 1 unataka chini ya dakika 20.

Katikati ya chumba: dakika 11. Kona ya nyuma: dakika 17.

Zote mbili zimefaulu, na jioni kulikuwa na mazungumzo marefu kama tuishie hapo. Msimamo wangu niliuandika na nausimamia. Geuza hesabu: dakika 11 ni sawa na mabadilisho 25 kwa saa, dakika 17 ni sawa na 16. Tunalipia 40, kona inapata 16. Na kona ile si ya mapambo, ndipo msaidizi atakaposimama akifungua trei za vichupa. Kupita kwa dakika 3 kwenye chumba kipya, chenye vichujio vipya na kisicho na watu, si kitu cha kujivunia kwenye chumba kitakachotumika miaka.

Kuna waliopendekeza tuongeze feni hadi mabadilisho 60. Ni njia rahisi na naielewa. Lakini umeme wa feni unapanda kwa mchemraba wa hewa: ongeza hewa mara moja na nusu, nguvu inayohitajika inazidi mara 3. Tungenunua hewa zaidi ili nayo igeuke na kurudi darini.

Tumekubaliana: grili zishuke chini.

Alhamisi

Ubomoaji. Chumba kimefunikwa plastiki, vichujio vimezibwa, mfumo umezimwa. Hakuna la kuandika isipokuwa kwamba fundi bati anafanya kazi safi mno. Kila kona ya bomba imezibwa kabla hajahamia nyingine, na mashavu ya ndani anayapangusa kwa spiriti bila kuambiwa.

Jumatano, grili mpya

Grili nne za ukutani, ukingo wa chini sentimita 15 kutoka sakafuni, mbili kila upande mrefu. Ile ya kulia nyuma tumeiweka makusudi kwenye kona iliyokuwa imelala. Chini ya vichujio viwili tumeongeza visambazio vinavyoizungusha hewa inaposhuka, ili isitue nguzo moja na kuacha pembeni pakavu. Kiasi cha hewa hakijaguswa: 2,592 ile ile, nimeisoma kwa kofia ya kupimia kichujio kimoja kimoja na kuijumlisha.

Moshi sasa unashuka hadi chini ya kimo cha meza kabla ya kutawanyika, kisha unaelekea kwenye kuta. Kona ya nyuma inajisafisha ukiwa unaangalia.

Muda wa kujisafisha: katikati dakika 8, kona dakika 9. Ni sawa na mabadilisho zaidi ya 34 na karibu 31. Kona imepata hewa mara mbili kasoro kidogo ya ile ya mwanzo, na feni haijui kama kuna kilichobadilika.

Mkuu wa uzalishaji aliuliza kwa nini chini kunasaidia hivyo wakati vumbi huanguka lenyewe. Nilimwonyesha hesabu ya kuanguka. Chembe ya mikromita 5 yenye uzito kama wa maji inashuka chini kidogo ya milimita moja kwa sekunde. Kutoka kimo cha meza, sentimita 90, inafika sakafuni kwa dakika 20 hivi. Ya nusu mikromita inashuka sentimita 3.6 kwa saa. Kutoka meza ile ile inahitaji siku nzima na zaidi, na mtu akipita tu inapanda tena. Chembe tunazohesabiwa nazo daraja haziangukii popote. Hewa isipozichukua, zinabaki.

Ijumaa, chini ya kofia

Mwendo wa hewa kwenye kimo cha kazi: usomaji wa chini 0.39, wa juu 0.50, wastani 0.45. Ndani ya mwongozo.

Lakini mwendo ni namba tu, na meza ikiwa tupu haina maana. Tukaweka vifaa vyote: sindano za kujazia, sahani ya kuzungusha vichupa, rafu ya vizibo. Moshi ukawashwa juu, kamera mbili, ukuta mweusi nyuma.

Juu ya sindano moshi ulishuka mistari imenyooka, unapendeza kutazama. Juu ya sahani ya vichupa pia. Penye rafu ya vizibo ndipo palipokuwa na shida: rafu ni bati zima, hewa inaligonga, inagawanyika pande mbili na kuacha chini yake mfuko unaozunguka. Chini yake ndipo vichupa vinapita vikiwa wazi. Tulisimamisha picha na kuipeleka mbele kidogo kidogo: moshi unatoka kwenye ukingo wa rafu, unajikunja kuelekea ndani, unagusa mdomo wa kichupa cha pili kutoka kulia, unarudi juu. Hewa iliyokwisha kugusa rafu inaingia kwenye dawa. Kihesabu chembe kilichokuwa karibu kilisoma sifuri wakati wote huo, kwa sababu rafu ilikuwa safi. Siku isipokuwa safi, njia ipo tayari.

Kuongeza mwendo hadi 0.54 kulifanya mzunguko uwe mkali zaidi, kama nilivyotarajia. Dawa yake ni umbo. Rafu itakuwa ya fito nyembamba za chuma cha pua, na itasogezwa pembeni isiwe juu ya njia ya vichupa.

Mtaalamu wetu wa vijidudu alitumia nafasi hiyo kuwaita wajazaji wote watazame video. Aliweka mkono wake juu ya kichupa kwenye picha, akaonyesha moshi unavyokatika na kuvunjika chini ya kiganja. "Jamani, hewa ya kwanza ni ya dawa, si ya mkono wako," akawaambia, yaani ile inayotoka moja kwa moja kwenye kichujio. Nimemwomba video hiyo itumike kumfundisha kila mfanyakazi mpya.

Jumanne, kuhesabu chumba kikiwa kimetulia

Rafu mpya imeingia, moshi umenyooka hadi mezani.

Kwa mita za mraba 24 jedwali la ISO la 2015 linadai vituo vya kupimia visivyopungua 6. Tumeongeza kimoja kwa hiari yetu, kile cha kona. Mashine inavuta lita 28.3 kwa dakika. Kwa chembe za nusu mikromita pekee lita 5.7 zingetosha kwa ISO 5, kwa sababu kanuni inataka hewa ambayo ingekuwa na chembe 20 kama chumba kingekuwa mpakani kabisa. Lakini watu wa dawa, katika kufuatilia chumba, wanaangalia pia chembe za mikromita 5, ambazo kwa B iliyotulia mpaka ni 29 tu kwa mita ya ujazo. Kupata 20 unahitaji lita 690, dakika zaidi ya 24 kwa kituo. ISO yenyewe iliondoa namba ya mikromita 5 kwenye daraja la 5 mwaka 2015, maana chembe chache na nzito hivyo hupotea njiani kwenye mpira wa kuvutia hewa. Kwa hiyo mpira wetu hauzidi mita moja na haujapindwa. Chini ya kofia tumevuta mita ya ujazo nzima, dakika 35 kwa kila kituo.

Matokeo ya B kwa nusu mikromita: kituo kibaya zaidi 610, mpaka ukiwa 3,520. Kona ile: 540. Daraja A: sifuri kwa mikromita 5, na chembe 4 za nusu mikromita kwenye kituo kimoja.

Alhamisi, watu ndani

Wajazaji watatu, wamevaa kamili, wakifanya kazi ya kuigiza kwa maji tangu mwanzo hadi mwisho wa zamu. Kituo kibaya zaidi kimefika 24,000 kwa mita ya ujazo, karibu na mlango, mpaka ukiwa 352,000. Zidisha kwa mita 43.2 kwa dakika: watu watatu wametoa chembe zipatazo milioni moja kwa dakika, kama 350,000 kila mmoja, na hao wamefunikwa kuanzia utosi hadi kisigino na wanatembea taratibu. Nimeibandika hesabu hiyo kwenye chumba cha kuvalia, juu ya kioo.

Tukamwomba mmoja atembee kwa mwendo wa kawaida wa korido badala ya ule wa polepole. Namba ya kituo cha mlangoni ikaruka zaidi ya mara mbili ndani ya dakika. Hakuna feni itakayotufanyia kazi hiyo kwa bei nafuu kuliko miguu iliyofundishwa.

Chini ya kofia namba hazikubadilika.

Ijumaa

Tumekubaliana na watu wa umeme tujaribu kupunguza hewa usiku hadi asilimia 70, mabadilisho 28 kwa saa. Kwa sheria ya mchemraba feni itataka karibu theluthi moja ya nguvu. Sharti langu ni moja: tofauti ya shinikizo isishuke chini ya 15 wakati wa kushuka wala wakati wa kupanda, na kofia ya Daraja A isiguswe kabisa. Dampa, yaani kilango cha ndani ya bomba, ya hewa inayorudi lazima itangulie feni kwa sekunde kadhaa, la sivyo chumba kinanyong'onyea katikati ya mpito. Leo mpito wa kwanza umeshuka hadi 12 kwa muda mfupi. Tumerefusha muda wa feni kushuka, na Jumatatu tunarudia tukiwa na kinasa data kwenye milango yote miwili.

Kilichobaki baada ya hapo ni sahani za kuoteshea vijidudu kwenye vituo vilevile 7, ambapo B inaruhusu makoloni 10 kwa mita ya ujazo ya hewa na A hairuhusu hata moja, kisha majaribio ya kujaza kwa lishe ya vijidudu badala ya dawa. Ratiba ya kupima upya nimeiweka ukutani: A na B kila baada ya miezi 6 isizidi, C na D kila mwaka. Kona ya nyuma imeandikwa humo kwa jina lake, kituo namba 7, ili asije mtu akakiondoa kwa kuwa jedwali linadai 6.